Fahamu: Ualbino, Urithi na Saratani ya Kichwa na Shingo
Mwenye ualbino anayechuma chai huko Rungwe, katika eneo la Tukuyu lililo mashuhuri kwa mvua na mawingu, asidhani kwamba jua limemsahau. Mionzi yake hupenya mawingu, na kadiri ardhi inavyoinuka ndivyo ukali wake unavyozidi. Asili ya hatari ni urithi: katika Tanzania, ambako hukisiwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, aina iliyoenea zaidi hutokana na hitilafu ya jeni iitwayo OCA2, na mtoto huzaliwa nao iwapo baba na mama, ambao wenyewe huenda ni weusi tititi, kila mmoja amempa nakala yenye dosari. Kumlaumu mama peke yake, basi, ni dhuluma tupu.

Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huungua tangu utotoni, na saratani aghalabu huzuka usoni, masikioni, kwenye mdomo wa chini au shingoni, ikianza kwa kigaga kikavu ama kidonda kisichopona, ambacho kikikatwa mapema hutibika. Mafuta ya kujikinga na jua, Kilisun, hutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Lakini kofia ya ukingo mpana itangulie, maana kapelo huyaacha masikio wazi.