Seli za Kutisha Katika Uvimbe Usio Saratani

Uvimbe wa misuli ya kizazi, ambao wengi huuita fibroidi, huwapata wanawake wengi sana, na karibu wote si saratani. Chini ya hadubini seli zake huwa nyembamba, ndefu na zenye kufanana. Lakini mara chache slaidi huonyesha sura nyingine kabisa: viini vikubwa, vyeusi, vyenye maumbo yasiyo ya kawaida, pengine viwili au vitatu ndani ya seli moja. Ni rahisi kudhani hiyo ni saratani. Kumbe yaweza kuwa layomayoma (jina la kitaalamu la fibroidi) yenye viini vya ajabu, uvimbe usio na madhara ya saratani.

Sura ya viini peke yake haitoshi kutoa hukumu. Tangu utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 1994, wanapatholojia hupima mambo matatu kwa pamoja: viini vilivyoharibika sura, wingi wa seli zinazogawanyika, na kufa kwa seli za uvimbe. Kwa kawaida yakikutana mawili, hufikiria saratani ya misuli hiyo, yaani layomayosakoma.

Kila jambo lina mtego wake. Kiini kinachokufa na kusagika hufanana na kinachogawanyika, hivyo hesabu huweza kupanda bila sababu. Vilevile, fibroidi ikikosa damu ya kutosha, sehemu yake hufa polepole, na kati ya sehemu hai na iliyokufa huwa kuna ukanda wa kovu. Katika saratani mpaka huo ni wa ghafla, na seli hai hubaki zimeizunguka mishipa ya damu. Ndiyo maana uvimbe wenye shaka hukatwa vipande vingi, walau kimoja kwa kila sentimita ya upana wake.

Kazi haiishii hapo. Baadhi ya uvimbe wenye viini vya ajabu umepoteza kimeng'enya kiitwacho fumareti hidratesi, na kipimo cha kingamwili kwenye slaidi huweza kuonyesha upungufu huo. Mara nyingi hitilafu ya jeni ya kimeng'enya hicho huwa ndani ya uvimbe tu. Lakini wanawake wengine wameirithi, na mwaka 2002 ilibainika kwamba jeni hiyo ikiharibika huleta fibroidi za mapema, vinundu vya ngozi na saratani kali ya figo. Kwao, jibu la uvimbe wa kizazi huwa onyo la kuchunguza figo, pamoja na ndugu zao wa damu.

Kwa hiyo uvimbe ukishatolewa, usitupwe. Upelekwe maabara wote, ndani ya fomalini ipatayo mara kumi ya ujazo wake, pamoja na umri na historia ya mgonjwa. Nawe mgonjwa, dai ripoti yako, uliza maana ya kila neno usilolielewa, na uitunze. Jibu linapotatiza, ni haki yako kuomba slaidi zisomwe na mwanapatholojia wa pili kabla ya kuanza matibabu ya saratani.