Vyombo vya Kupandia Mti kwa Kamba na vya Kushukia: Uchaguzi katika Nchi ya Handeni na Korogwe

Katika wilaya za Handeni na Korogwe watu hupanda miti mirefu kwa haja zisizofanana. Mrina asali huufuata mzinga uliotundikwa juu tawini. Mwenye shamba hukaa dunguni kulinda mahindi yake na nyani na nguruwe mwitu. Na mwindaji huotea mnyama njiani aendako kunywa maji. Njia za kupanda ni za tangu zamani. Wengine huparaga, yaani hukumbatia shina kwa mikono na magoti; wengine hukata vipandio katika gome; wengine huzungusha kamba shinani na kuisogeza juu hatua kwa hatua. Wahadza wa upande wa Ziwa Eyasi, wapandao mibuyu kwa ajili ya asali, hupigilia vigingi vya mti katika shina na kuvikanyaga kama ngazi.

Huko Marekani wawindaji wa kulungu wamezoea namna nyingine. Mtu hukalia mshipi mpana uliofungwa kwa kamba katika shina, miguu yake ikitegemea mti, naye hungoja humo kwa saa nyingi. Ili kufika juu na kurudi chini, baadhi yao wameazima vyombo vya wapanda milima na wakata matawi, wakaacha ngazi na vigingi. Vyombo hivyo ni vidogo, vyaingia mfukoni, navyo haviumizi mti. Kwa sababu hizo vyaweza kumfaa pia mrina wa Handeni, mradi vichaguliwe kwa kufikiri kazi yake wala si kwa kufuata mazoea ya mwindaji wa kulungu.

Hapa lugha yenyewe yaonyesha jambo. Katika Kiswahili kilichofungwa hufunguliwa, na kilichotegwa huteguliwa, kwa kiambishi kile kile kitenguacho kitendo. Lakini aliyepanda mti hasemi kwamba ameupandua; husema ameshuka, na neno hilo lina shina lake mbali. Kushuka si kupanda kulikogeuzwa. Na vyombo ni hivyo hivyo: kile kinachompandisha mtu vizuri sana huenda kisiweze kumteremsha hata dhiraa moja. Mnunuzi asiyejua hununua kwanza cha kupandia, kwa kuwa ndicho haja yake ya mwanzo, kisha hubaki juu ya mti akitafuta njia ya kurudi.

Walakini kabla ya chombo kuna kamba. Korogwe ni nchi ya mkonge, na mtu aweza kushangaa akiambiwa asitumie katani ya kwao. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche elfu moja iliyotoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, na katika uzao wake yakaenea mashamba yaliyojaza bonde la Pangani. Kamba ya katani ni nzuri kwa kufungia mzigo, na haiteleziki mkononi. Lakini huoza kwa ndani ikikaa na unyevu bila kuonekana kwa nje, huchakaa kwa jua, na kwa unene ule ule nguvu yake ni ndogo kuliko ya nailoni kwa mbali sana. Tena ni kamba ya kusokotwa, ina migongo na mabonde, na vyombo vingi vitakavyotajwa hapa vimetengenezewa kamba laini ya mviringo, yenye kiini cha nyuzi ndani na ganda lililofumwa nje. Kamba za namna hiyo zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1953. Ni mzaha mchungu wa biashara kwamba nyuzi hizo za viwandani ndizo zilizoiangusha bei ya katani tangu miaka ya 1960, na sasa mtu wa Korogwe aambiwa azinunue. Lakini uhai hauna uzalendo wa kamba.

Kamba ifaayo kwa kazi hii ni ile isiyonyumbuka sana, yenye unene wa milimita 10 au 11. Kamba inyumbukayo, watumiayo wapanda miamba ili kupunguza mshtuko wa kuanguka, humchezesha mpandaji juu na chini na kumchosha bure. Lakini isiyonyumbuka nayo ina sharti lake: isilegee kamwe juu ya mtu. Mtu akipanda juu ya mahali alipofungwa, kisha akaanguka, hata kama ni kwa urefu wa mikono miwili tu, mshtuko wote humwingia kiunoni, na fundo au chombo chaweza kushindwa.

Vyombo vya kupandia, asili yake ni fundo. Mwaka 1931 Karl Prusik wa Austria alieleza namna ya kuzungusha kitanzi cha kamba nyembamba mara mbili au tatu juu ya kamba nene: kisipobeba uzito husogea kwa mkono, na kikivutwa hubana pale pale. Kamba ya kitanzi lazima iwe nyembamba kuliko ile kuu, kama milimita 6 au 7 juu ya 11; zikilingana, fundo haliumi. Kwa vitanzi viwili, kimoja cha kiunoni na kimoja cha mguu, mtu hupanda kama jongoo: hukaa, huinua mguu, husimama, husogeza cha juu, hukaa tena. Ni kazi ya polepole, na kamba ikilowa umande fundo huwa gumu kusogea. Lakini gharama yake ni ndogo, na ni fundo ambalo mtu aweza kulijaribu karibu na ardhi mpaka mkono ulizoee.

Baada yake kilikuja chuma. Waswisi wawili, Adolf Jüsi na Walter Marti, walitengeneza mwaka 1958 kibano chenye mpini na meno madogo kwa sababu Jüsi alikuwa akichunguza tai, naye alihitaji kupanda kamba kwenye majabali yenye viota. Chombo kikaitwa Jumar, silabi moja ya jina la huyu na moja ya jina la yule, na hata leo katika nchi nyingi kupanda kwa chombo cha namna hiyo huitwa kwa jina lake. Hupanda upesi kuliko fundo na hakimchoshi mtu. Lakini meno hayo yana tabia mbili za kuangaliwa. Yakipata mshtuko mkubwa huweza kulipasua ganda la kamba. Na yakijaa tope au nta huteleza, na nta ndiyo isiyokosekana katika nguo na mikono ya mrina. Zaidi ya hayo, Jumar haishuki. Aliyening'inia juu yake, akitaka kushuka, sharti kwanza ajiinue kidogo kuuondoa uzito wake, akifungue kibano, kisha ahamie chombo kingine.

Kwa kushuka, chombo sahili kuliko vyote ni kipande cha alumini chenye umbo la tarakimu 8. Kamba hupitishwa katika tundu kubwa na kuzungushwa shingoni, kisha mkono wa chini huibana ili kupunguza mwendo. Hakiharibiki upesi na hakina kinachosogea ndani yake. Ubaya wake ni mmoja, nao ni mkubwa: mkono ukiachia, mtu huanguka. Kwa mpanda miamba mwenye mikono mizima mchana kweupe hilo laweza kuvumilika. Kwa mrina aliyeumwa na nyuki usoni na mikononi usiku wa giza halivumiliki, isipokuwa chini ya chombo hicho kiwekwe kitanzi cha Prusik kilichofungwa katika mshipi, ili mkono ukiachia kitanzi kishike.

Kundi la pili ni vyombo vinavyojibana vyenyewe. Kijulikanacho zaidi ni GriGri ya kampuni ya Petzl ya Ufaransa, iliyotokea mwaka 1991. Ndani yake kuna kipande kizungukacho kinachoikandamiza kamba inapovutwa kwa nguvu. Ili kushuka mtu huvuta wenzo kidogo kidogo, mkono wa pili ukiushika mkia wa kamba. Jina lake limetokana na neno la hirizi katika Afrika ya Magharibi, na hirizi hii ina masharti yake: kamba ikiingizwa kinyume, haimlindi avaaye hata kidogo. Kwa hiyo kila mara yapasa kuvuta kamba kwa ghafla na kuona kwamba imebana, miguu ingali chini. Kadhalika ipo hatari ya mtu mwenye hofu kuushika wenzo kwa nguvu zote, kama ashikavyo tawi, na hapo chombo hufunguka kabisa badala ya kufunga. Namna iliyotolewa mwaka 2017, GriGri+, ina kizuizi cha jambo hilo: wenzo ukivutwa kupita kiasi, hubana. Mtu anayetazamia kuumwa na nyuki akiwa kambani angefanya vyema kutoiona nyongeza hiyo kuwa anasa.

Sasa tufikapo kwenye kazi yenyewe, ndipo sababu ya kuanza na chombo cha kushukia inapodhihiri. Saa ya hatari kwa apandaye kwa kamba ni ile ya kuhama kutoka chombo cha kupandia kwenda cha kushukia. Hapo hufunguliwa kimoja na kufungwa kingine, pete moja yaweza kusahauliwa wazi, na mtu husimama kwa mguu mmoja katika kitanzi. Mwindaji atulivuye mtini ana saa nzima ya kufanya hivyo bila haraka. Mrina hana. Yeye huuacha mzinga nyuki wakiisha kukasirika, moshi ukiwa umekwisha, jicho moja pengine limefumba. Akilazimika kuhama chombo wakati huo, makosa yamekaribishwa.

Basi chombo kimfaacho ni kile kilicho tayari kumshusha tangu alipoiacha ardhi. Njia yake ni hii: chombo kinachojibana chenyewe hufungwa mbele ya mshipi, juu yake, katika kamba, huwekwa kitanzi cha Prusik au kibano cha meno chenye kamba ya mguu. Mtu husimama katika kamba ya mguu, huvuta kamba iliyolegea kupitia chombo cha kiunoni, hukaa. Kisha huinua kile cha juu. Ni polepole kuliko Jumar mbili, na katika mti wa mita 12 jasho litatoka. Lakini popote alipo, akitaka kushuka hakuna cha kuhamisha: huondoa mguu na kile kitanzi cha juu, huvuta wenzo, hushuka.

Moto wahitaji neno lake. Nailoni huyeyuka, na cheche ya kienge iliyoangukia kamba iliyobeba uzito si jambo dogo. Atumiaye kamba ya namna hii na aache kienge, atumie bomba la moshi lenye kifuniko, tena lining'inie upande usio wa kamba. Kwa sababu hiyo hiyo mwendo wa kushuka uwe wa taratibu: msuguano huupasha moto chuma, na kukisimamisha chombo cha moto mahali pamoja pa kamba si vyema.

Tawi na lichaguliwe bichi, nene, karibu na shina. Mbuyu hudanganya macho, kwa kuwa mti wake ni mwororo na huweza kuwa na uwazi ndani ya unene wote ule. Kamba hurushwa juu kwa msaada wa uzi mwembamba wenye kifuko cha mchanga. Ikipita juu ya tawi na kufungwa chini shinani, aliye chini aweza kumteremsha aliyezimia juu, mradi kabla ya kupanda iwe imefungwa huko kwa chombo cha kushukia, wala si kwa fundo la kukaza. Lakini kwa kufunga hivyo tawi hubeba karibu mara mbili ya uzito wa mtu, basi ni vizuri wawili waanze kwa kuning'inia pamoja karibu na ardhi ili kulijaribu. Urefu nao hupigiwa hesabu: tawi la mita 12 lataka mita 12 za kupanda, 12 za kurudi, na nyongeza ya kufungia, yaani karibu 30, na mwisho wa kamba ufungwe fundo nene, kwa kuwa wengi duniani wameanguka kwa kushuka mpaka kamba ikaisha.

Mshipi uwe na vitanzi vya mapaja. Mtu aliyening'inia bila kujisogeza, damu humkaa miguuni, na aweza kuzimia kwa muda mfupi. Kwa mwindaji yapo pia masharti ya leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na silaha yake ipandishwe kwa uzi ikiwa tupu, baada ya yeye kuketi.

Yule wa chini ndiye asahauliwaye mara nyingi. Mrina aendaye peke yake msituni, hata akiwa na chombo cha thamani kuliko vyote, hana wa kumteremsha. Mwenzi huyo asikae karibu sana na nyuki, avae nguo nzito na wavu usoni, ajue kukifungua chombo kilichofungwa shinani gizani kwa kupapasa, naye awe amekwisha kukifungua mara nyingi mchana.