Rejea ya Dawa Mfukoni: Mwanafunzi wa Famasia Achague Nini?

Mwanafunzi wa famasia atokapo darasani kwenda kufanya mazoezi wodini au kwenye dirisha la dawa, hukuta kwamba maswali hayamngoji afike maktabani. Tabibu humwuliza kipimo, muuguzi humwuliza kama dawa mbili zaweza kupita katika dripu moja, na mgonjwa humwuliza kama vidonge vyake vinywewe kabla ya chakula au baada yake. Akili ya mwanadamu, hata iwe hodari wa kuhifadhi namna gani, haiwezi kubeba kipimo cha kila dawa kwa kila umri, kila uzito na kila hali ya figo. Kwa sababu hiyo rejea ya dawa iliyomo katika simu au kishikwambi si anasa bali ni ala ya kazi, na kanuni ya kuichagua, kwa rai yangu, ni moja: chagua rejea kwanza, kisha utafute chombo cha kuibeba. Aghalabu wanafunzi hufanya kinyume, wakanunua simu kwa sifa ya kamera yake, ndipo wauliza ni programu gani itakayokubali kukaa ndani yake.

Tarikhi ya vyombo hivi ni shahidi wa kutosha. Mwaka 1996 vyombo vidogo vya Palm, vilivyoandikiwa kwa kalamu juu ya kioo, viliingia sokoni Marekani, na mwaka 1999 kampuni ya Epocrates ikatoa rejea ya dawa ya kutumiwa ndani yake, hata wanafunzi wa tiba na famasia wa nchi ile wakawa wakivichukua katika mifuko ya makoti yao meupe. Kumbukumbu ya vyombo vile vya mwanzo ilitegemea umeme wa betri. Betri ikiisha kabisa, yaliyohifadhiwa yalipotea. Baada ya iPhone kutokea mwaka 2007, na simu za Android kufuatia, vyombo vya Palm vilitoweka sokoni, walakini Epocrates ingali ikitumika hata leo. Chombo hufa, na rejea njema huhamia chombo kingine.

Basi rejea njema ina sifa gani? Ya kwanza ni kuwa na mwenyewe anayejulikana na tarehe ya masahihisho inayoonekana. Kitabu cha dawa cha Uingereza, British National Formulary, hupigwa chapa mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na nakala yake ya kidijiti husahihishwa kila mwezi, kwa kuwa maarifa ya dawa hayatulii: onyo jipya hutolewa, kipimo hubadilishwa, dawa huondolewa. Kwa hiyo tahadhari na nakala za magendo zinazopitishwa kutoka simu hadi simu. Hakuna anayezisahihisha, na huenda zikakupa kwa sauti ya yakini jambo lililokwisha kufutwa.

Sifa ya pili ni kufanya kazi bila ya mtandao. Bando huisha, na viko vituo vya afya ambavyo mtandao hufika kwa shida. Rejea inayonyamaza mahali kama hapo haikufai saa unayoihitaji. Ya tatu ni kupatana na dawa zilizoko katika nchi yako. Rejea za Kimarekani huita paracetamol kwa jina la acetaminophen, salbutamol kwa jina la albuterol, na rifampicin kwa jina la rifampin, na mwanafunzi asiyelijua hili aweza kudhani dawa haimo. Zaidi ya majina, mataifa mengi yana miongozo yao ya matibabu na orodha zao za dawa muhimu, kwa kuifuata njia iliyofunguliwa na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza mwaka 1977. Mwongozo wa nchi yako upakuliwe na kuhifadhiwa simuni kabla ya programu yoyote ya kigeni.

Kwa asiye na fedha nyingi mlango haukufungwa. Medscape hupatikana bure kwa kujiandikisha, miongozo ya Médecins Sans Frontières hutolewa bila malipo, na Chuo Kikuu cha Liverpool kina rejea ya bure juu ya mwingiliano wa dawa za virusi vya UKIMWI na dawa nyinginezo. Zile za kulipiwa, kama UpToDate Lexidrug (iliyoitwa Lexicomp hapo awali) na Micromedex, ni pana zaidi; kabla ya kutoa fedha yako, uliza maktaba ya chuo kama imekwisha kuzilipia.

Kabla ya kuiamini programu, itahini kwa maswali ambayo majibu yake unayajua. Iulize dawa mseto ya malaria, artemether na lumefantrine, kwa mtoto wa kilo 18: kwa vidonge vya miligramu 20 na 120, ikupe vidonge 2 kila mara, mara 6 katika siku 3, yaani vidonge 12. Kisha iulize juu ya mtu mzima atumiaye dolutegravir, dawa ya virusi vya UKIMWI, miligramu 50 mara moja kwa siku, ambaye ameanzishiwa rifampicin kwa ajili ya kifua kikuu: ikueleze kwamba rifampicin hulichochea ini kuivunja dolutegravir upesi, na kwamba kipimo huwa miligramu 50 mara mbili kwa siku. Programu inayokaa kimya mbele ya swali hili haifai kwa hospitali zetu, hata ikiwa nzuri ya sura.

Ama chombo chenyewe, hakihitaji fahari. Kiwe na mfumo mpya kiasi cha kukubali masahihisho ya programu, nafasi ya kutosha ya kuhifadhi, betri ya kumaliza zamu, na kioo kinachosomeka juani. Kishikwambi husomeka vyema zaidi, lakini simu hukaa mfukoni, na chombo kilichoachwa bwenini hakimsaidii mgonjwa. Kiwekee nywila, kifute kwa kitambaa chenye alkoholi utokapo wodini, wala usihifadhi humo picha wala jina la mgonjwa, kwa maana siri yake ni amana.

Nawasihi wanafunzi wetu wasione haya kufungua rejea mbele ya mgonjwa. Wamwambie kwa adabu kwamba wanahakikisha kipimo chake. Kusoma kabla ya kujibu ni wajibu wa mfamasia, na wajibu huo hauondolewi na chombo chochote.