Valvu ya Baisikeli na Kimpira Chake

Kiko kitu kidogo kisichozidi urefu wa kidole, ambacho kikiharibika, baisikeli nzima hugeuka kuwa mzigo. Kitu hicho ni valvu, yaani ule mdomo wa mpira wa ndani tunaoutilia upepo. Watu wengi wenye baisikeli wajua kubandika kiraka, tena wajua kukaza mnyororo na breki. Lakini ukiwauliza valvu ina nini ndani yake, hunyamaza. Kwa hiyo gurudumu likilegea husema, "Ni mwiba," kisha huanza kuutafuta mwiba usiokuwapo.

Sisi nasi tulikuwa miongoni mwao. Zamani tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya kijijini, alikuja kwetu jirani jioni, jua limekwisha kuchwa, mtoto wake amepatwa na homa kali. Zahanati ilikuwa mbali, mwendo wa maili kumi na mbili. Tukaitoa baisikeli, tukaona gurudumu la nyuma halina upepo. Tukatia upepo, kitambo kidogo likalegea tena. Basi tukauvua mpira wa ndani, tukawasha taa, tukauzamisha katika karai la maji kipande kwa kipande, tusione hata povu moja. Tukaurudisha, tukatia upepo, ukatoka vile vile. Tukauvua mara ya pili. Saa nzima ilipita hivyo, na mama yake mtoto amekaa kizingitini anatutazama.

Kosa letu lilikuwa hili: kila tulipouzamisha mpira, mdomo wa valvu tuliuinua juu ya maji, tukidhani si vema ulowe. Mwanafunzi mmoja, ambaye mjomba wake alikuwa fundi, ndiye aliyetuomba ruhusa aifungue valvu. Akatuonyesha kimpira kilichopasuka ufa mwembamba kama unywele. Hatukuwa na kimpira kingine. Akakichomoa kile kile, akakigeuza, ncha ya chini ikawa juu, sehemu nzima ikaangukia penye tundu, akafunga. Jirani yetu akafika zahanati usiku wa manane, na mtoto akapona.

Basi na tuifungue valvu tuitazame. Ziko namna nyingi, lakini ile iliyozoeleka kwa baisikeli nyeusi za mizigo ni valvu ya kimpira. Wengine huiita kwa jina la Dunlop, yule tabibu wa wanyama wa mji wa Belfast aliyeitengenezea baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mipira ya upepo. Wengine huiita kwa jina la Woods. Kwanza lipo shina, ambalo limeshikamana na mpira wa ndani na kutokeza katika tundu la rimu. Juu ya shina ipo nati ya rimu, ilizuiayo lisitikisike. Ndani ya shina hukaa kijibomba cha chuma, chenye tundu juu, kilichozibwa chini, na tundu jingine dogo ubavuni. Kijibomba hiki huvikwa kimpira chembamba kama utumbo wa kifaranga, kinachofunika lile tundu la ubavuni. Kisha nati ya juu hukibana kijibomba kisiruke, na mwisho kabisa huja kofia.

Tunapopiga pampu, upepo huingia juu ya kijibomba, hutafuta njia ubavuni, hukisukuma kimpira kikatanuka, ukapita kuingia ndani. Pampu ikipumzika, kimpira hurudi mahali pake, na upepo ulio ndani, kwa kutaka kutoka, hukikandamiza juu ya tundu. Ndiyo kusema kwamba upepo wenyewe ndio unaojifungia mlango. Hii pia ndiyo sababu pampu huwa nzito kwa valvu ya namna hii, maana kila pigo hutanua kimpira kwanza.

Sasa jambo la kushika: kimpira kina kazi mbili, wala si moja. Chini hufunika tundu. Juu hupanda hadi kwenye shingo nene ya kijibomba, ikabanwa kati ya shingo hiyo na shina, upepo usipenye pembeni. Mtu akikata kimpira kifupi mno kwa kubania, kikafunika tundu tu na kuiacha shingo wazi, upepo utavuja daima, naye atakaza nati mpaka vidole vimwume, bila faida. Kimpira na kivikwe mpaka shingoni, na chini kipite tundu kwa nafasi ya kutosha.

Kukivisha kwataka subira. Kiloweshe kwa maji au mate, kisha ukisukume taratibu huku unakizungusha. Usitie mafuta ya mashine kamwe. Twajua kwamba mafuta hurahisisha kazi, kikateleza mara moja, lakini mafuta hayo huuvimbisha mpira na kuulegeza, na baada ya siku chache utakuta kimekuwa kama uji.

Je, mtu atajuaje kuwa kosa ni la valvu, wala si la mwiba? Kabla ya kuvua chochote, tia upepo, geuza gurudumu mpaka valvu iwe juu, vua kofia, paka mate juu ya mdomo wake na kuizunguka nati. Mate yakitoa mapovu, umemwona mwizi. Au geuza valvu iwe chini, uizamishe ncha yake katika kikombe cha maji. Kazi hii haipiti dakika mbili. Laiti tungaliijua usiku ule!

Kimpira kikiwa kimechakaa nawe uko njiani, fanya kama alivyofanya yule mwanafunzi: kigeuze au kizungushe, sehemu nzima ije penye tundu. Hiyo ni dawa ya safari moja tu, maana mpira uliochoka mahali pamoja u karibu kuchoka pote. Wako wanaofunga tundu kwa ukanda uliokatwa katika mpira mkuukuu na kuuzungushia uzi. Hatuwashauri. Ukifungwa sana, upepo hauingii, ukilegezwa, hautulii, na uzi nao hukata mpira.

Nati ya juu ikipotea, shida ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pasipo nati hiyo upepo hukirusha kijibomba nje kama risasi ya gobore la watoto, na mtu aliyeinama na pampu aweza kuumia jicho. Wengine hujaribu kuweka nati ya rimu mahali pake, kwa kuwa huingia katika nyuzi zile zile za shina. Huingia kweli, lakini haina ukingo wa ndani wa kushika kijibomba, kwa hiyo hupita juu yake tu. Hapa hakuna ujanja ila kupata nati yenyewe, na mahali pa kuitafuta ni katika mipira mibovu iliyotupwa nyuma ya kibanda cha fundi. Mpira usiofaa kwa kiraka hata kidogo huenda una nati nzima na kijibomba kizima. Nati hii ikazwe kwa vidole tu. Koleo huharibu nyuzi za shina, na nyuzi zikiisha, valvu imeisha.

Nati ya rimu ikipotea, baisikeli yaweza kwenda, alimradi upepo ni wa kutosha. Kofia ikipotea, upepo hautoki. Ila vumbi na matope huingia katika kijibomba, na siku ya kutia upepo pampu huzisukuma chembe za mchanga chini ya kimpira, nacho hakifungi tena sawasawa. Badala ya kofia yafaa kipande cha tete chenye fundo upande mmoja, au hata kitambaa kilichofungwa kwa uzi.

Lakini tazama sana shina. Ukiona limeinama, halisimami wima katika tundu lake, jua kwamba mpira wa ndani umetambaa ndani ya tairi, na shina linavutwa. Sababu yake kubwa ni kupanda baisikeli isiyo na upepo wa kutosha, hasa yenye gunia nyuma. Toa upepo wote, sogeza tairi na mpira mpaka shina lisimame, kisha jaza. Usipofanya hivyo mpira utachanika pale pale shinani, na mahali hapo kiraka hakilali vizuri kwa sababu ya unene wake. Twafikiri mipira mingi iliyouawa na uzembe imeuawa hapa, wala si kwa miiba.

Siku hizi madukani mna vijibomba visivyo na kimpira, vyenye gololi ndogo ndani. Huingia katika shina lile lile na pampu yake ni nyepesi. Anayevipata na avitumie. Iko pia valvu ya namna ya magari, yenye sindano na springi, ambayo hupita katika tundu la rimu lenye upana ule ule. Anayenunua mpira wenye valvu hiyo na ahakikishe kwanza kwamba pampu yake yaishika. Ile nyembamba ya baisikeli za mashindano hucheza katika tundu hilo, isipokuwa imewekewa pete ya kulipunguza.

Kwa anayebaki na kimpira, bei yake ni ndogo, basi asinunue kimoja. Anunue kipande kirefu, akate vitatu au vinne, avipake unga wa chaki visishikane, avitie katika kikebe chenye kifuniko mbali na jua na mafuta, na kikebe hicho akiweke katika mfuko ulio chini ya kiti, pamoja na nati moja ya juu.