Meta Nne za Mwamba kwa Kila Meta ya Sakafu

Meta za mraba 1,000 si eneo la kutisha. Kuna kumbi za harusi zinazolizidi. Lakini ili lipatikane kileleni Kronplatz, kaskazini mwa Italia, ilibidi zichimbwe meta za ujazo 4,000 za udongo na mawe. Gawanya: kila meta ya sakafu imekula meta nne za ujazo za mlima. Mwamba ukikadiriwa tani mbili na nusu kwa meta ya ujazo, ni kama tani 10,000, tena kwenye mwinuko wa meta 2,275.

Hilo ndilo jumba la makumbusho la Corones, lililochorwa na Zaha Hadid na kufunguliwa 2015. Ni la sita na la mwisho katika mtandao wa makumbusho wa Reinhold Messner, mtu wa kwanza kumaliza vilele vyote 14 vinavyopita meta 8,000, mwaka 1986.

Kukishusha kifusi chote kwa tipa la meta za ujazo 10 kungekuwa safari 400, na zaidi, maana mwamba ukivunjwa huongezeka ujazo. Badala yake kilirudishwa juu na kandokando ya jengo, nacho kinasaidia joto la ndani lisiyumbe. Ujanja mzuri, ila una bei yake: paa linabeba mlima. Kuta za zege zina unene wa sentimeta 40 hadi 50, na penye mzigo zinafika 70. Zege la unene huo lina uzito wa karibu tani 1.7 kwa kila meta ya mraba, kabla hujahesabu udongo ulio juu yake.

Kinachookoa hesabu ni kwamba magari ya waya ya watelezaji theluji yalikuwepo tayari. Jumba halikuanza kwa kujilipia njia. Kwa jumba lake jingine, lililo Monte Rite kwenye meta 2,181, Messner alitumia ngome kuukuu ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kuta alizikuta, lakini milango ilikuwa ikifunguliwa kiangazi tu, huku matengenezo hayajui msimu. Makao makuu ya mtandao wote, Firmian, aliyaweka chini zaidi, katika kasri lililo pembeni mwa mji wa Bolzano.