Mshikamano hauna upande mmoja

Katika Kiswahili kuna vitenzi ambavyo mtu mmoja hawezi kuvitenda peke yake. Mtu hapigani pekee, hasaidiani pekee, wala haandamani pekee. Kiambishi -an- kinachofuata mzizi hudai mwenzi. Ndivyo lilivyo neno mshikamano, ambalo tangu mwaka wa 2024 limetajwa mno kila vijana wanapojitokeza barabarani. Swali ninalouliza leo ni hili: katika kaunti za Migori na Homa Bay, nani amemshika nani?

Historia ya sehemu hizi haimtengi kijana na mfanyakazi. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi alipoanza kuwaunganisha wafanyakazi wenzake. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alishika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku. Alipokwenda kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa mnamo 1955, alikuwa hajatimiza miaka 25. Mboya alikuwa kijana na alikuwa mfanyakazi. Hakuna aliyemtaka achague moja kati ya hayo mawili.

Leo tunawataka vijana wachague. Tuchukue mfano wa walimu wa sekondari msingi. Walipoajiriwa kwa mkataba waliitwa wanagenzi. Mwanagenzi, kwa maana yake ya asili, ni mtu anayejifunza kazi. Hawa walikuwa wamehitimu na kusajiliwa, wakifundisha vipindi kamili, lakini mikononi walipokea yapata shilingi 17,000 kwa mwezi. Aprili 2024, Mahakama ya Uajiri na Leba iliamua kwamba mpango huo ulikiuka haki zao, na kwamba Tume ya Kuwaajiri Walimu haikuwa na mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Muhula ulipofunguliwa mwezi wa Mei, wengi wao walisusia madarasa.

Mwezi mmoja baadaye ukaja Mswada wa Fedha, uliokusudia kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Vijana waliandamana kote nchini, miji ya Migori na Homa Bay ikiwemo. Ni sadfa tu ya sauti kwamba mwanagenzi na Gen Z yanakaribiana masikioni, lakini si sadfa kwamba yanamhusu mtu yuleyule. Mwalimu aliyekuwa akigoma mwezi wa Mei ndiye kaka au dada wa aliyeandamana mwezi wa Juni. Mara nyingine alikuwa yeye mwenyewe.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Rais alipokataa kutia sahihi Mswada huo tarehe 26 Juni 2024, serikali ilieleza kwamba sasa kuajiriwa kwa walimu 46,000 kumo hatarini. Kwa maneno mengine, mwalimu aliambiwa kwamba aliyemnyima kazi ni kijana aliyekataa kodi. Hoja hiyo ilikuwa na sumu, kwa sababu ilimfanya mwenye njaa amtazame mwenziwe kama adui. Hata hivyo, Januari 2025 walimu hao waliingizwa katika ajira ya kudumu. Ni kweli kwamba baadhi ya kodi zilirejeshwa kwa sheria nyingine Desemba 2024, lakini tishio lenyewe halikutimia. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwezi huohuo wa Januari wanagenzi wengine 20,000 waliajiriwa, na gurudumu likaanza kuzunguka upya.

Mwaka uliofuata, mshikamano ulipimwa kwa damu. Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa nyumbani kwao katika Kaunti ya Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya maandishi kuhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Kesho yake alikuwa maiti, baada ya kuzuiliwa katika kituo cha polisi cha Central jijini Nairobi. Polisi walidai alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulikanusha dai hilo, na baadhi ya maafisa wakashtakiwa kwa mauaji. Waliojaza barabara kwa ajili ya mwalimu huyo walikuwa vijana.

Naomba nieleweke. Siwapambi vijana kwa sifa wasizostahili. Duka linapoporwa, karani wake hukosa mshahara; kituo cha polisi cha Mawego kilipochomwa Julai 2025, haki ya marehemu haikusogea hata hatua moja. Lakini vyama vya wafanyakazi navyo vijiulize: je, wanachama wao wakilipwa malimbikizo, huwakumbuka waliowapigia kelele? Mkono mmoja haulei mwana.

Fursa ya kujibu iko karibu. Huko Awendo, kiwanda cha sukari cha Sony kilikodishwa kwa kampuni ya binafsi mwaka wa 2025 kwa muda wa miaka 30, huku wafanyakazi wakidai mishahara ya nyuma. Mshahara huo si wa mfanyakazi pekee. Ndio unaomlipa mwendesha bodaboda, ndio unaonunua sukumawiki kwa mama mboga, na ndio unaolipa karo ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo. Kijana asiyeuona mgogoro wa Awendo kuwa wake hajui chakula chake kinatoka wapi. Vilevile, mfanyakazi anayefunga mlango kijana anapokimbizwa na askari asishangae siku atakapogoma na kujikuta peke yake langoni.