Nadharia Tete Haiandikwi Baada ya Matokeo

Mwaka 1987 Daryl Bem, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alichapisha sura ya kitabu inayofundisha namna ya kuandika makala ya utafiti. Baadaye aliirekebisha, na wanafunzi wengi wa saikolojia wamejifunza kuandika ripoti zao kwa kuisoma. Mengi yaliyomo yanastahili kufuatwa hadi leo: tumia lugha nyepesi, anza kwa kuzungumzia watu na tabia zao badala ya watafiti na vitabu vyao, mwandikie msomaji mwerevu hata kama hakusomea saikolojia. Lakini katikati ya mazuri hayo limo fundisho moja ambalo limeigharimu fani nzima. Bem anamwambia mwanafunzi kwamba zipo makala mbili anazoweza kuandika: ile aliyoikusudia alipopanga utafiti, na ile inayoleta maana zaidi baada ya kuyaona matokeo. Aandike ipi? Ya pili, anajibu Bem. Mimi nashikilia kwamba jibu hilo si sahihi, na kwamba mwanafunzi wa saikolojia akiliepuka hilo moja tu atakuwa ameandika ripoti yenye thamani kuliko nyingi zilizokwisha kuchapishwa.

Sababu yake imo ndani ya takwimu zenyewe. Wagawe watu katika makundi mawili kwa kubahatisha, usiwafanyie lolote, kisha uwapime. Wastani wa alama zao bado utatofautiana, kwa sababu binadamu hawafanani. Kipimo cha takwimu huuliza: tofauti kubwa kiasi hiki ingejitokeza mara ngapi kama hapakuwa na kitu ila bahati? Ikiwa ni chini ya mara 5 katika 100, kwa desturi mtafiti huruhusiwa kusema matokeo yake yana umuhimu wa kitakwimu. Hesabu hiyo ina sharti ambalo darasani hupitiwa haraka mno: swali liwe limewekwa kabla jibu halijaonekana. Tuseme mwanafunzi amekusanya hojaji kuhusu usingizi, matumizi ya simu, hofu ya mitihani na upweke, kisha akafanya majaribio 20 ya kitakwimu yasiyotegemeana. Hata kama hakuna uhusiano wowote wa kweli, uwezekano wa kupata angalau jibu moja lenye umuhimu ni takriban asilimia 64. Akilichukua hilo moja, akalirudisha kwenye utangulizi na kuliandika kama jambo alilolitabiri tangu mwanzo, msomaji ataamini kwamba uwezekano wa kudanganywa na bahati ulikuwa asilimia 5. Ni kama mtabiri wa mpira anayetaja mshindi baada ya kipenga cha mwisho: alichokisema ni kweli, ila hakithibitishi kwamba anajua kutabiri. Norbert Kerr alilieleza tatizo hili kwa kina mwaka 1998, na kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo fani iliendelea na mazoea yake.

Kilichoiamsha ni makala ya Bem mwenyewe. Mwaka 2011 alichapisha katika Journal of Personality and Social Psychology, jarida linaloheshimiwa sana, majaribio 9 yaliyoshirikisha watu zaidi ya 1,000, akidai kwamba binadamu anaweza kuathiriwa na mambo ambayo bado hayajatokea. Majaribio 8 kati ya 9 yalitoa matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu. Wanasaikolojia watatu wa Uingereza, Stuart Ritchie, Richard Wiseman na Christopher French, walirudia mojawapo ya majaribio hayo, kila mmoja kivyake, na hawakupata athari yoyote. Jarida lililochapisha madai lilikataa kuchapisha marudio hayo, nayo yakatoka kwingine mwaka 2012. Uzito wa kisa hiki hauko katika imani za mtu mmoja. Ni kwamba makala ya Bem ilifuata taratibu ambazo wahariri na wahakiki walizikubali siku zote, na taratibu hizo hizo zikaweza kusimamisha jambo ambalo karibu hakuna mwanasaikolojia aliyekuwa tayari kuliamini. Kama njia hiyo inaweza kuthibitisha kwamba tunauhisi wakati ujao, basi inaweza kuthibitisha chochote.

Mwaka huo huo Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha jinsi inavyofanyika, na wakafanya hivyo kwa kuandika ripoti. Waliwasikilizisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nyimbo, kisha wakaripoti kwamba waliosikiliza wimbo wa Beatles kuhusu kutimiza miaka 64 walikuwa na umri mdogo, kwa karibu mwaka mmoja na nusu, kuliko waliosikiliza muziki mwingine. Wimbo haumpunguzii mtu umri, na hakuna takwimu iliyobuniwa. Ndipo wakaichapa ripoti ile ile mara ya pili, safari hii wakiongeza sentensi zilizokuwa zimeachwa: kwamba palikuwa na wimbo wa tatu ambao haukutajwa, kwamba washiriki waliulizwa maswali mengine mengi, kwamba idadi ya washiriki haikupangwa mapema bali data zilichunguzwa kadiri zilivyokusanywa, na kwamba bila kuingiza umri wa baba wa kila mshiriki kwenye hesabu, tofauti hiyo haikuwa na umuhimu wa kitakwimu. Data ni zile zile. Kilichotenganisha ugunduzi na upuuzi ni sentensi chache za sehemu ya mbinu. Kwa hesabu zao, mtafiti anayejiachia uhuru wa aina nne tu kama huo anaweza kupata matokeo ya uongo kwa zaidi ya asilimia 60. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefaidika zaidi kwa kusoma ripoti hizo mbili bega kwa bega kuliko kwa mihadhara mingi ya takwimu.

Miaka minne baadaye, kikundi kikubwa cha watafiti kilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimedai matokeo yenye umuhimu. Marudio yaliyofikia kiwango hicho yalikuwa asilimia 36. Inasemekana mara nyingi kwamba tatizo ni sampuli ndogo, na kweli sampuli ndogo zinachangia. Lakini kuna ushahidi unaoelekeza kwenye uandishi na uchapishaji wenyewe. Tangu mwaka 2013 jarida la Cortex, na mengine yaliyofuata, yamekubali kuhakiki utangulizi na mbinu kabla ya data kukusanywa, na kuahidi kuchapisha matokeo vyovyote yatakavyokuwa. Anne Scheel na wenzake walilinganisha ripoti za namna hiyo na za kawaida mwaka 2021: katika za kawaida, nadharia tete ya kwanza iliungwa mkono kwa asilimia 96, katika zile zilizofungwa mapema, kwa asilimia 44. Huenda wanaochagua njia hiyo hujaribu mawazo yenye mashaka zaidi, na hilo lazima likubaliwe. Hata hivyo, pengo la asilimia 52 ni kubwa mno kuelezwa na hilo peke yake.

Mtetezi wa Bem atasema ripoti si shajara: msomaji hataki kusimuliwa mtafiti alivyohangaika, anataka hoja iliyonyooka. Hapo nakubaliana naye kabisa. Mpangilio wa hoja ni mali ya mwandishi. Anaweza kutanguliza jaribio la pili, kufupisha lisilo na uzito, kupeleka majedwali kwenye kiambatisho. Lakini kama jambo lilitabiriwa au liligunduliwa ndani ya data, hiyo ni sehemu ya ushahidi, kama ilivyo idadi ya washiriki. Hakuna anayeruhusiwa kugeuza washiriki 40 kuwa 400 ili hoja inyooke. Wala sipingi kuchimbua data. Mengi mazuri huonekana kwa mara ya kwanza pale, bila kutafutwa. Yaandikwe, tena kwa furaha, chini ya kichwa kinachosema wazi kwamba ni uchunguzi wa ziada unaongoja kupimwa kwa watu wengine.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la mwanafunzi mwenyewe, anayeogopa kwamba nadharia tete isipoungwa mkono atapunguziwa alama. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa wapo watahini wanaosoma matokeo yasiyo na umuhimu kama dalili ya kazi mbovu. Wakati mwingine ni kweli: washiriki wachache hawawezi kuonyesha hata athari iliyopo, na hojaji iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine bila kutafsiriwa tena na mtu wa pili ili kulinganishwa inaweza kupima kitu kingine kabisa. Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa kuficha. Ni kueleza sampuli ilipatikanaje na kwa nini iwe ya ukubwa huo, nani aliondolewa kwenye uchambuzi na kwa sababu gani, nani alitafsiri maswali, na vipimo vingine vipi vilitumika hata kama havikutoa kitu. Ripoti ya namna hiyo inamwezesha msomaji kujua kama ukimya wa data unamaanisha kwamba athari haipo au kwamba utafiti haukuwa na nguvu ya kuiona.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki tayari vina chombo ambacho wenzetu walilazimika kukibuni upya. Kwa kawaida mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti, huliwasilisha, huulizwa maswali, na hukusanya data baada tu ya kuidhinishwa. Kisha sura za pendekezo hugeuzwa kutoka wakati ujao kwenda wakati uliopita na kuwa sura za mwanzo za ripoti, na hapo ndipo nadharia tete zinaweza kubadilishwa kimya kimya, malengo yakafutwa, mengine yakaingizwa. Ombi langu kwa wasimamizi na watahini ni hili: takeni pendekezo lililoidhinishwa, pamoja na tarehe yake, liambatishwe mwishoni mwa kila ripoti, takeni ukurasa mmoja unaotaja kila kilichobadilika na sababu yake, na toeni alama za utangulizi na mbinu kabla hamjafungua sura ya matokeo. Hayo hayahitaji fedha wala sheria mpya, na idara yoyote inaweza kuyaanza muhula ujao.